Nani Amtunzaye Minde?

Mtu asimamaye mjini Morogoro na kuinua macho kuelekea kusini huiona Milima ya Uluguru imejitanda kama ukuta, na mara nyingi vilele vyake vimefunikwa na ukungu. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, chapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Katika milima hiyo hutoka vijito vinavyoulisha Mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa na wakazi wa Dar es Salaam. Katika misitu yake huishi pia mnyama ambaye wengi wa wakazi wa Morogoro hawajapata kumwona hata siku moja, ingawa hakuna nchi nyingine duniani aliko ila Tanzania. Mnyama huyo ni minde.

Wakati huohuo, kijana wa sekondari akipata kompyuta yenye nguvu ya kutosha aweza kuketi kitini na kumtunza swala wa msituni kwenye kioo. Atamjengea uzio, atampandia miti, atamchagulia chakula, na kabla ya saa ya chakula cha usiku atakuwa amekwisha kuona ndama, wajukuu na vitukuu. Hiyo ndiyo michezo ya kuigiza bustani za wanyama, ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi.

Makala hii inakusudia kuulinganisha utunzaji huo wa kwenye kioo na utunzaji unaohitajiwa na minde wa Uluguru. Mchezo una mafunzo mema, nasi tutayaeleza. Lakini kuna mambo ambayo mchezo huyaficha, na mambo hayo ndiyo yatakayoamua kama minde atabaki au atatoweka.

Mnyama wa ukungu

Minde ni mmoja wa wanyama wa kundi la funo, yaani swala wadogo na wa wastani wapendao vichaka na misitu. Miongoni mwa ndugu zake yeye ni mkubwa: urefu wake begani ni kama sentimita 70, na uzito wake waweza kufikia kilo 60. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, na katikati ya pembe zake fupi pana kishungi cha nywele nyekundu. Mgongo wake umepinda kidogo na kichwa chake hukaa chini, umbo limfaalo mnyama apenyaye chini ya matawi na mizizi.

Wanasayansi humwita *Cephalophus spadix*. Alielezwa kitaalamu mwaka 1890 na Frederick True wa Marekani, kutokana na mnyama aliyepatikana Kilimanjaro na msafiri William Louis Abbott. Bila shaka wenyeji wa milima walimjua kwa karne nyingi kabla ya hapo, wakampa na jina. Leo hupatikana katika misitu michache iliyotengana: Udzungwa, Uluguru, Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini kama Rungwe. Makadirio ya wataalamu ni kwamba idadi yao yote haizidi 1,500, naye ameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Ni mnyama mgumu kuonekana. Hutembea zaidi usiku, alfajiri na magharibi, na mara nyingi huwa peke yake. Picha ya kwanza ya minde aliye huru porini ilipatikana mwaka 2003 tu, kwa kamera iliyofungwa mtini ambayo hujipiga yenyewe mnyama apitapo. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo: mwanadamu alikuwa amekwisha kutembea juu ya mwezi mwaka 1969, nayo ikapita miaka 34 kabla ya kupata picha ya swala huyu wa milima yetu.

Chakula chake ni matunda yaangukayo, majani, maua na mimea ya chini. Lakini kamera za msituni zimepata kumwonyesha minde akiwa na chura mdomoni. Swala mwenye kucheua akila chura! Jambo kama hilo latukumbusha kwamba mnyama tusiyemjua vizuri bado aweza kutushangaza.

Bustani ya wanyama ndani ya kompyuta

Michezo ya kuigiza bustani za wanyama ina umri wa zaidi ya miaka 20. *Zoo Tycoon* ilitolewa mwaka 2001, na *Planet Zoo*, iliyotengenezwa na kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza, ilitolewa mwaka 2019. Katika mchezo huu wa pili yumo swala mkubwa wa msituni aitwaye bongo, mwenye manyoya mekundu ya kahawia na mistari myeupe ubavuni. Minde hayumo.

Mchezaji huanza na uwanja mtupu. Hujenga uzio, kisha huchagua ardhi: sehemu ya nyasi, sehemu ya udongo, sehemu ya mawe. Hupanda miti inayolingana na nchi atokayo mnyama. Huweka maji, kibanda cha kulala na mahali pa kujificha, kwa kuwa mnyama mwoga akitazamwa na watu mchana kutwa hupata mashaka na afya yake hudhoofika. Huajiri watunzaji na waganga wa mifugo. Hutazama pia nasaba, maana ndugu wa damu wakizaana kwa vizazi vingi watoto hutoka dhaifu.

Haya yote yana ukweli ndani yake. Mtunzaji halisi wa jamii ya funo hujua kwamba wanyama hawa wakishtuka hukimbia kwa upofu na kujigonga kwenye uzio, kwa hiyo hupanda vichaka vya kuwakinga na macho ya watu. Hujua pia kwamba tumbo la mnyama acheuaye hutegemea vijidudu wanaovunjavunja majani. Mnyama huyo akilishwa nafaka nyingi au vyakula vya sukari nyingi kwa ghafla, vijidudu hao hutoa asidi kupita kiasi, tumbo huchafuka, na mnyama aweza kufa. Mwalimu wa biolojia hapati shida kuuona mnyororo huo wa sababu na matokeo, na mchezo huuonyesha kwa njia iwavutiayo vijana. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuudharau.

Mambo matatu yanayofichwa

La kwanza ni *maarifa*. Katika mchezo, mchezaji akimgusa mnyama kwa kishale, mara moja huonyeshwa mistari ya kupimia: njaa kiasi fulani, kiu kiasi fulani, utulivu kiasi fulani. Kitabu cha mchezo humweleza anahitaji eneo la ukubwa gani na anapenda kuishi na wenzake wangapi. Maarifa yametolewa bure. Kwa minde, kila tarakimu ya namna hiyo hutafutwa kwa jasho. Watafiti hupanda miteremko mikali, hufunga kamera, huzirudia baada ya majuma, na huenda wakakuta picha za ukungu mtupu. Hata kinyesi hupotosha: vinyesi vya minde, vya funo na vya paa wadogo hufanana kiasi kwamba watafiti wa Udzungwa walilazimika kupima chembe za urithi, yaani DNA, ili wajue ni cha nani.

La pili ni *wakati*. Katika mchezo mwaka hupita kwa dakika chache. Kosa la leo husahihishwa kabla ya chai kupoa, na mchezo ukiharibika mchezaji huurudisha pale alipouhifadhi. Msitu hauna kitufe cha kurudisha nyuma. Mti mkubwa wa matunda ukikatwa leo, mwingine wa kadiri yake huenda akauona mjukuu wa aliyeukata.

La tatu ni *jirani aliye nje ya uzio*. Katika mchezo watu wote ni watunzaji au watazamaji, na watazamaji huleta fedha. Hakuna mkulima anayetaka kupanua shamba la mahindi, hakuna moto uliowashwa kusafisha shamba ukakimbilia msituni, wala hakuna mtego wa waya uliotegwa njiani. Katika Uluguru jirani huyo ndiye mhusika mkuu, nasi tutamrudia hapa chini.

Funzo la bongo wa Kenya

Kabla ya kumrudia, yatupasa kumtazama bongo, kwa sababu kisa chake cha kweli chaonyesha tofauti kati ya kitufe na kazi.

Bongo wa milimani huishi porini nchini Kenya peke yake, katika misitu ya Mlima Kenya, Nyandarua, Mau na Eburu. Uwindaji, mbwa, maradhi na ukataji wa miti vimewapunguza hata idadi yao ya porini sasa inakadiriwa kuwa chini ya 100. Lakini miaka mingi iliyopita baadhi yao walikamatwa na kupelekwa katika bustani za wanyama za Marekani na Ulaya, nao wakazaana huko. Leo bongo walioko katika bustani ni wengi kuliko waliobaki porini.

Kwa sababu hiyo Kenya ilikuwa na akiba. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani hadi kituo cha uzalishaji kwenye Mlima Kenya. Je, walifunguliwa siku ile waende zao msituni? La. Mnyama aliyezaliwa kwenye uzio, akaletewa chakula kila asubuhi, hajui mmea wa sumu wala harufu ya chui. Hawajui kupe na vimelea vya nchi ya babu zake. Ilibidi wazae, na watoto wazae, kila kizazi kikizoezwa kumtegemea mwanadamu kidogo zaidi. Mwaka 2022 ndipo bongo wa kwanza walipoingizwa katika hifadhi maalumu ya Mawingu, ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Kazi hiyo ilichukua miaka 18. Kwenye *Planet Zoo* mchezaji hubofya mara moja, mnyama hurudishwa porini, na mchezaji hupewa alama.

Minde hana hata akiba hiyo. Hakuna kundi la minde linalozalishwa katika bustani za wanyama popote duniani. Minde wa Uluguru wakiisha, haitapatikana ndege ya kuwaleta wengine kutoka Marekani. Msitu ndio bustani yake ya kwanza na ya mwisho.

Mchezo wa maharage

Shule nyingi hazina kompyuta za kuchezea *Planet Zoo*. Hilo lisimzuie mwalimu, kwa maana mwigo wa kisayansi hauhitaji kompyuta. Wahitaji kanuni na hesabu. Tunapendekeza mchezo ufuatao, unaohitaji punje 100 za maharage, kopo na daftari. Tarakimu zake tumezitunga kwa ajili ya zoezi, si hesabu ya minde halisi.

Weka punje 40 koponi. Kila punje ni minde mmoja. Kila mwaka fuata kanuni hizi, ukihesabu kutoka idadi ya mwanzo wa mwaka na kuacha masalio:

1. Kwa kila minde 4, ongeza mtoto 1 aliyezaliwa akaishi.
2. Kwa kila minde 5, ondoa 1 aliyekufa kwa uzee, maradhi au chui.
3. Mwisho, ondoa walionaswa na mitego.

Mara ya kwanza cheza pasipo mitego. Mwaka wa kwanza huzaliwa 10, hufa 8, hubaki 42. Endelea hivyo, na baada ya miaka 10 utakuwa na minde 66. Kundi linakua, lakini polepole, kwa kuwa jike hazai watoto wengi kama sungura.

Mara ya pili ruhusu mitego inase minde 2 kila mwaka. Utaona kwamba 40 huwa 42, kisha hurudi 40, mwaka baada ya mwaka. Mitego imekula ongezeko lote, lakini kundi linasimama.

Mara ya tatu ruhusu mitego inase minde 4. Mwaka wa kwanza wanabaki 38, wa pili 36, wa tatu 34. Mtu angesema, "Wanapungua wawili tu, hapana neno." Mwaka wa 10 wamebaki 16. Mwaka wa 13 wamebaki 6, na mwaka wa 14 wamebaki 2. Mwaka wa 15 kopo ni tupu.

Wanafunzi na wajadili: kati ya kundi linalodumu na kundi linalokwisha pana tofauti ya wanyama wawili tu kwa mwaka. Tena mtego hautegwi kwa ajili ya minde peke yake. Hunasa chochote kipitacho. Mtegaji huenda alimtaka paa mdogo wa kitoweo, na kwa nia yake hajafanya jambo kubwa. Hesabu haitazami nia.

Kuna hatari nyingine ambayo maharage huionyesha. Kundi likibaki la minde 4, rusha sarafu mara moja kwa kila mmoja ili ujue ni dume au jike. Nafasi ya wote kuwa wa jinsi moja ni 1 katika 8. Wakibaki 3, nafasi hiyo ni 1 katika 4. Wakibaki 2, ni 1 katika 2. Yaani kundi dogo laweza kukatika kwa bahati mbaya tu, hata baada ya mtego wa mwisho kuondolewa. Ndiyo sababu wataalamu hawangoji mnyama abaki mmoja mmoja ndipo wapige mbiu.

Watunzaji walio kando ya msitu

Sasa turudi kwa jirani wa msitu. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye eneo la hekta zipatazo 24,000. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa Bunduki ndiko mahali ambapo mashamba yaliutenga msitu wa kaskazini na wa kusini. Minde hapendi kuvuka mahali peupe. Misitu miwili iliyotengana kwake ni kama makopo mawili ya maharage, kila moja likiwa na punje chache, na hakuna punje ivukayo kutoka hili kwenda lile. Kuunganisha misitu kwenye ramani na kwenye sheria ni mwanzo. Kuiunganisha kwa miti iliyosimama ni kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na askari wa misitu peke yao. Kandokando ya hifadhi vimo vijiji vingi vya Waluguru, watu wakulima walioishi milimani kwa vizazi vingi. Mgeta hujulikana kwa mboga zake, Kinole na Matombo kwa matunda na viungo. Mkulima huyu ana haja zake za halali: ardhi, kuni, nguzo za nyumba na kitoweo. Akiambiwa tu "usiingie msituni" pasipo kupewa njia nyingine, hatutakuwa tumemtunza yeye wala minde. Lakini mkulima huyohuyo ndiye wa kwanza kuona kijito kikipungua msitu ukatwapo, na udongo wake ukishuka bondeni kwa mvua ya masika. Msitu unaomficha minde ndio unaoshika maji ya shamba lake, na ya mji wa Morogoro, na ya Dar es Salaam.

Hivyo basi, orodha ya matunzo ya minde ni fupi kuliko ile ya kwenye mchezo, ingawa kuitimiza ni kazi nzito zaidi. Hahitaji kuletewa chakula. Ahitaji miti ya matunda iachwe. Hahitaji kibanda; ahitaji kichaka kizito. Hahitaji kuogeshwa wala kutazamwa. Ahitaji njia zake zisiwe na waya. Na ahitaji watu wenye kuandika walichokiona, mwaka baada ya mwaka, ili maarifa yasiyopatikana kwa kishale yapatikane kwa uvumilivu.

Katika jambo hili la mwisho shule zina nafasi. Wanafunzi wa Morogoro waweza kuwauliza wazee wao: je, mlimwona minde mlipokuwa vijana? Wapi? Mlimwita jina gani? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Majibu yakiandikwa pamoja na mahali na mwaka, ni mali ya sayansi; na mzee akifariki kabla ya kuulizwa, mali hiyo huzikwa naye. Mwanafunzi afanyaye hivyo amekwisha kuingia katika kazi ya utunzaji, ingawa hana uzio, wala mistari ya kupimia, wala alama za kushinda.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini kundi la minde 40 hulindwa kwa urahisi zaidi kuliko makundi manne ya minde 10 yaliyotengana?
2. Badili kanuni ya 2 ili mnyama 1 kati ya 4 afe kila mwaka, pasipo mitego. Kundi litakuwaje? Eleza sababu.
3. Bongo alikuwa na akiba katika bustani za wanyama. Taja faida mbili na hasara mbili za kutegemea akiba ya namna hiyo.
4. Kama ungepewa kumwingiza minde katika mchezo wa kompyuta, ni tarakimu zipi ungehitaji kwanza kuzitafuta msituni, na ungezitafutaje?
5. Mkulima wa kando ya hifadhi apewe nini ili ulinzi wa msitu uwe faida kwake?